Huku wanachagua mpinzani, kwetu ukimtaja unaitwa msaliti

Kuna bibi mmoja hapa Coventry tunapanda naye basi la asubuhi, rika la mama mkubwa wangu wa Isevya. Mwanzoni mwa Mei 2025, timu ya mji, Coventry City, ikipigania nafasi ya mchujo wa kupanda Ligi Kuu ya Uingereza, alinigeukia akaniuliza, basi zima likisikia: wewe unamtaka nani kwenye mchujo, Sheffield United au Sunderland? Sijafungua mdomo, mzee wa kiti cha nyuma kashadakia. Sheffield ana pointi karibu 90, huyo tumkwepe. Sunderland anapoteza mechi mfululizo, huyo ndiye wetu. Kijana mmoja akabisha, Sunderland kashajihakikishia nafasi ya nne, ana haja gani ya kujichosha? Hadi nashuka walikuwa wamefika kwenye mipira ya kona.

Nikafurahi, halafu nikapandwa na hasira. Na hasira yenyewe inawahusu nyinyi, watu wangu wa Tabora.

Kumbukeni 2024. Tabora United yetu imemaliza Ligi Kuu nafasi ya 14, tunacheza mchujo wa kubaki na JKT Tanzania, na ukifungwa hapo unamsubiri anayetoka Championship, daraja la chini yetu. Nikapiga simu kijiweni nikauliza swali kama la huyu bibi: kati ya hao wa Championship, mnamtaka nani? Kimya. Kisha sauti moja: "Kaka, nani kakutuma?"

Yaani kumtaja unayemtaka ni kuvujisha siri ya kambi. Mmoja akasema usilitaje jina, kamati ya ufundi ya wenzetu, wale wapanga mambo nyuma ya pazia, ina masikio. Mwingine akasema mpira wa nchi hii unachezwa mezani, unapoteza vocha yako bure. Wa tatu hakuwa na habari, yeye ni Simba, anachojua ni mechi ya saa moja usiku. Hakuna aliyeniambia beki yupi wa wapinzani ni mzito, wala kama ni heri kuanzia ugenini ili marudiano yawe Ali Hassan Mwinyi. Na wanajua! Wale jamaa wakikaa na kahawa watakuchambulia kiungo wa Arsenal mpaka kashata ziishe. Timu ya nyumbani ndiyo inayochambuliwa kwa minong'ono.

JKT wakatupiga, tukaangukia kwa Biashara United ya Mara, tukabaki Ligi Kuu. Mpaka leo sijasikia mtu wa kijiwe kile akinieleza tulibaki kwa uchezaji gani. Maelezo yote yalikuwa ya nani alimwona nani.

Najua mnachoandika sasa hivi. "Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha ushabiki." Ndugu zangu, mimi ndiye niliyekuwa nawaeleza Waingereza habari za Agosti 2023, tulipoingia kwa Azam na wachezaji 8, tukala nne na mechi isifike mwisho. Walicheka. Nikawajibu, nitajieni timu yenu moja ambayo ingethubutu kuingia na watu 8. Hamkuniona nikiwatetea, lakini nilitetea.

Tena sisemi hawa wana akili kuliko sisi. Sunderland waliyemtaka walimpata! Akawafunga 2-1 hapahapa Coventry. Marudiano wakaongoza, wakaenda dakika za nyongeza, na dakika ya 122 beki Dan Ballard akapiga kichwa mpira wa kona. Kwisha. Sunderland huyohuyo akaenda Wembley, akamfunga na Sheffield wa pointi 90, akapanda. Basi zima la wataalamu! Lakini kesho yake bibi hakumtaja refa wala bahasha. Alisema tulilala kwenye kona. Hapo ndipo wivu wangu ulipo.

Sisi Novemba 2024 tumemfunga Yanga 3-1, Chamazi, Chikola kaweka mawili. Mimi huku nimepiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta. Napiga simu nyumbani nisikie Tabora inavyowaka, nakuta watu wa Simba wanasherehekea kama walicheza wao, na watu wa Yanga wanasaka msaliti ndani ya kikosi chao. Ushindi wetu, na sisi wenyewe hatumo.

Mtasema timu hata jina si la mkoa tena, ni TRA United, nani atajichagulia mpinzani kwa niaba ya mamlaka ya mapato? Hapo mmenibana kidogo, jina lile hata mimi halijanishuka kooni. Lakini wanaocheza bado wana miguu. Tukirudi tena kule chini kwenye mchujo, na kwa mazoea yetu siwezi kuapa kwamba haturudi, nitapiga simu palepale kijiweni. Nitajieni timu moja mnayoitaka na mniambie winga wake anakabwaje. Kamati ya ufundi iacheni ipumzike.