Zabibu ziondoke, nanasi likae

Kila picha ya sinia la jibini unayoiona mtandaoni ina zabibu. Rundo la zabibu nyeusi, zeituni kwenye kibakuli, biskuti kavu zimepangwa kama vigae, na soseji nyembamba zimekunjwa mfano wa maua. Mara ya kwanza kualika wageni nyumbani kwetu Ntinda, mtaa wa Kampala, niliiga picha hiyo bila kuacha kitu. Zabibu peke yake zilinila pesa ambazo ningenunua mkungu wa matoke na chenji ikabaki.

Wageni wenyewe walikuwa wakwe zangu, wametoka Mbarara asubuhi ile. Shangazi wa mume wangu alichukua kipande chenye mishipa ya ukungu wa buluu, akakinusa, akakirudisha polepole. “Mwanangu, haya maziwa yameharibika. Friji yenu ni nzima?”

Friji ilikuwa nzima. Aliyekosea ni mimi.

Hawa ni watu wa maziwa. Mtu wa Ankole, yaani huko Mbarara, amekulia kwenye maziwa mabichi, maziwa yaliyoganda ambayo Uganda tunayaita bongo, samli, na eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli iliyopigwa kwa maji na chumvi ya mawe hadi ikalainika. Kwake harufu kali ya maziwa ina maana moja tu: kibuyu hakikusafishwa. Mimi nimetoka Mombasa, nikajitia kumfundisha maziwa kwa kumwanzishia pale Wafaransa wanapomalizia.

Baba mkwe hakugusa kitu, naye alikuwa na sababu yake. Wazee wa Kihima, wafugaji wa Ankole, wanaoshika mila hawachanganyi maziwa na nyama katika mlo mmoja. Mimi nimelaza jibini juu ya soseji! Aliomba chai, akanywa kwa heshima zote, akasifu mapazia. Soseji haijarudi kwenye sinia langu tangu siku hiyo, na sioni ilichokuwa ikifanya pale, hasa ukiwa na jirani Mwislamu ambaye atalazimika kukuuliza ni nyama ya nini.

Siku hizi naweka jibini za aina mbili, tatu zikizidi sana. Ya kwanza ni gouda inayotengenezwa huku huku magharibi mwa Uganda. Jina ni la Uholanzi, maziwa ni ya kwetu. Ni laini kukata, haina harufu ya kumshtua mtu, na ina utamu wa mbali unaomkumbusha mlaji samli. Naikata vipande vyembamba vya pembe tatu, kila kimoja kikiwa na kaganda kake pembeni ili mtu aone kilikotoka, lakini ile nta ya nje naitoa. Nimeshamwona mgeni akiitafuna kwa adabu mpaka ikaisha.

Na siku hizi nasema kitu kabla watu hawajala. Kilo moja ya jibini ngumu kama hii hunywa karibu lita 10 za maziwa. Siku nilipolisema hilo mbele ya baba mkwe aliweka kikombe chini. “Lita kumi?” Akakitazama kipande kama mtu anayehesabu ng'ombe wake kwa macho, akakila chote, akaomba kingine. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Ya pili ni paneer, jibini nyeupe ya Kihindi, ambayo naipika mwenyewe. Chemsha maziwa, kamulia limau, yakikatika yachuje kwa kitambaa safi, kandamiza kwa sufuria yenye maji kwa saa moja hivi. Kata vipande vya mraba, nyunyizia chumvi, pilipili manga na simsim iliyokaangwa. Faida yake nyingine ni kwamba limau ndiyo imegandisha. Jibini nyingi hugandishwa kwa reneti, kimeng'enya cha kugandisha maziwa, na reneti ya asili hutoka tumboni mwa ndama, kwa hiyo wapo wageni, Waislamu na Wahindi wasiokula nyama, ambao watataka kujua. Kwa paneer ya nyumbani una jibu.

Ya tatu huja kwa bahati. Jirani yetu wa Goma, njia zikiwa zinapitika, hurudi na gurudumu la jibini ya Masisi, huko huko mashariki mwa Kongo, ya manjano na ngumu kidogo. Likifika hilo, gouda inapumzika.

Pembeni, nanasi. Chumvi ya jibini na ukali wa nanasi la Uganda vinaelewana kuliko zabibu yoyote iliyopanda ndege. Liwe kwenye bakuli lake tu, maana maji yake yakigusa jibini sinia zima linakuwa bwawa. Ndizi ndogo tamu, karanga za kukaanga, asali kwenye kikombe na kijiko chake. Fenesi nalipenda sana, ila likiingia chumbani hakuna atakayenusa kitu kingine. Badala ya biskuti nakata chapati za jana na kuzikausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka zivunjike zikiguswa.

Maelekezo mengi yanasema utoe jibini kwenye friji saa nzima kabla. Ushauri huo ni wa nyumba za baridi. Kampala mchana inafika nyuzi 27 na zaidi, nusu saa inatosha. Ukipitisha hapo gouda inaanza kutoka jasho la mafuta. Nikijua tutakula chakula baadaye, nahesabu gramu 50 kwa kila mtu, na nanunua siku ile ile kwa sababu umeme nao una ratiba zake.

Wapo wanaoiita chizi. Mimi nitaendelea kusema jibini, maana siku moja nilimwambia mama yangu kwa simu kwamba leo wageni nawapa chizi, akanyamaza, kisha akauliza ni mtoto wa nani.

Inayobaki naikwangua asubuhi juu ya mayai, naikunja ndani ya chapati moto, rolex ya nyumbani, kama Waganda wanavyoita chapati iliyokunjwa na mayai. Shangazi alipolala kwetu mara ya mwisho alikula mbili, akaniuliza kama ile ya buluu ilishatupwa.