Hiyo Siyo Kijani Yetu

Jumanne iliyopita binti yangu wa darasa la nne alirudishwa nyumbani saa mbili na nusu asubuhi. Si utoro, si utovu wa nidhamu. Sweta. Lilikuwa la kijani, jipya, nimelifumisha kwa fundi wa mtaani kwa shilingi 11,000. Mwalimu wa zamu alilitazama pale mstarini akasema, "Hiyo siyo kijani yetu."

Nikafunga genge, nikaenda. Shikamoo mwalimu, marahaba, karibu mama. Nikaelezwa kwa upole kabisa kwamba kijani yetu inapatikana kwa muuzaji mmoja tu, namba yake ipo kwa karani, shilingi 22,000 pamoja na nembo. Je, nikinunua nembo peke yake nikaishonea kwenye sweta nililonalo? Nembo haiuzwi peke yake. Humo ofisini feni mbili zilikuwa zinazunguka na kila mtu amevaa mikono mifupi, maana hii ni Dar es Salaam, mwezi wa kwanza, joto la kukausha dagaa juu ya bati. Na tunagombania sweta.

Nisieleweke vibaya, sare siipingi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 tuliambiwa wazi kwamba sare na madaftari ni juu ya mzazi, tukakubali na vigelegele tukapiga. Lakini hebu tupige hesabu. Ruzuku ambayo serikali inaipa shule ya msingi kwa kila mwanafunzi ni shilingi 10,000 kwa mwaka mzima. Mwaka! Sweta moja la muuzaji wetu mpendwa linaimeza mara mbili na bado linadai chenji. Bado fulana ya michezo, ambayo nayo, mtashangaa, inauzwa na huyo huyo.

Kinachonichosha zaidi ni ule wimbo kwamba sare inaficha umaskini, kwamba watoto wote wakivaa bluu na nyeupe hakuna anayejua nani katoka wapi. Aliyeutunga hajawahi kufua sare. Mimi nilisoma na sketi ya dada yangu. Kila Januari mama alifumua pindo, akaishusha, na pale pindo lilipokuwa panabaki mstari wa bluu iliyokoza, kwa sababu kitambaa cha ndani hakikupigwa jua. Sketi yangu ilikuwa na mistari mitatu. Wenzangu waliihesabu kwa sauti tukiwa kwenye foleni ya bomba. Nguo ya nyumbani ingeweza kudanganya, ningesema naipenda tu hivyo. Sare haina pa kujificha: mkivaa kitu kimoja, kola iliyochakaa inaonekana kutoka ng'ambo ya uwanja. Na sasa, kama mistari haitoshi, tumewaongezea na kijani za aina aina. Siku ile walitolewa pembeni watoto tisa. Shule nzima ikajua ni akina nani ambao kwao hawana 22,000.

Haya, kuna la kukubali, na nalikubali kwa shingo upande. Bila sare konda hamtambui mwanafunzi, na nauli ya 200 inageuka ya mtu mzima. Ni kweli. Ingawa makonda wetu wanawatambua vizuri mno, ndiyo maana wanawaacha kituoni. Usalama? Sawa. Nidhamu? Nimeona wahuni waliochomekea vizuri.

Na asije mtu kuniambia sweta ni kitu kidogo. Kule magharibi mwa Kenya, watafiti waliwahi kuwagawia wanafunzi wa msingi sare za bure, kisha wakawafuatilia kwa miaka. Walioacha shule walipungua, na mimba za utotoni zikapungua pia. Sare tu. Sasa geuza upande wa pili: ukiifanya iwe ghali na ya muuzaji mmoja, unategemea nini?

Wazazi wenzangu, tunachodai wala si mapinduzi. Semeni kijani, mkomee hapo. Fundi ana uzi, Kariakoo ipo, mitumba ipo, kaka mkubwa ana sweta lililombana. Nembo iuzwe kipande, nitaishona mwenyewe. Na mtoto asitolewe darasani kwa kosa la pochi ya mama yake. Nimeliandika hili kwenye grupu la wazazi. Watu 14 wakanifuata pembeni kuniunga mkono, hadharani wakaweka viganja vya maombi.

Nililinunua, ndiyo. Ijumaa. Mtoto analifunga kiunoni kuanzia asubuhi hadi kengele ya kutoka. Jana kaingia nyumbani nalo, nikalikagua: halina kifungo cha pili, na mfukoni kuna kichongeo kisicho chake. Usiku kwenye grupu mama mmoja akauliza ni nani mwanawe amerudi na sweta la mwanangu, maana hili tulilonalo ni jipya mno.

Sijamjibu bado.