Krimu ya boksi, Mtwara hii hii? Kiporo cha bata mzinga kinataka korosho

Hivi jamani, mtu unakaa Mtwara, korosho unaziona kuanzia Oktoba mpaka unazichoka, magunia yanapita barabarani kwenda ghalani, watoto wanashinda wanafyonza mabibo mpaka nguo zote zina madoa ambayo hata jiki haiyatoi, halafu ikifika siku ya pili ya Krismasi unatoka mbio dukani kununua krimu ya boksi iliyopanda meli, eti ndo utengenezee sosi ya tambi. Mi hili limenishinda kuelewa. Na bei yake sasa! Kaboksi kadogo kanatosha sahani mbili, ukimwagia nyingine unasikia roho inauma.

Nasema siku ya pili ya Krismasi kwa sababu hapo ndo kiporo cha bata mzinga kinapoanza kutesa watu. Huku kwetu bata mzinga si kitoweo cha kila Jumapili, wanafuga wachache, anatembea uani kwa maringo anafukuza watoto na wageni, na siku akichinjwa ujue kuna sikukuu au kuna mkwe anakuja. Sasa dume likikomaa linapita kilo 10. Mtakula ukoo mzima, mtafunga na vya kupeleka kwa jirani, na bado usiku ukifunua sufuria unakuta nyama imejaa inakuangalia.

Na tunachoifanyia ile nyama ndo aibu ya kwanza kabla hata ya krimu. Inapashwa. Asubuhi inapashwa ya kunywea chai, mchana inapashwa iliwe na ubwabwa, jioni anakuja mtu kuchelewa inapashwa tena, na kila ikipashwa inazidi kukauka mpaka ile minofu ya kifuani unatafuna kama kamba ya mkonge, mtu anameza kwa heshima tu ya mwenye nyumba. Bata mzinga kifuani hana mafuta kabisa, ndo alivyo, ukishamuivisha mara moja basi, moto wa pili haumuongezei kitu unamnyang'anya. Mapajani na mgongoni kuna afadhali maana kule kuna mishipa inayoyeyuka inakuwa ute, ukipika taratibu inalainika. Lakini kifua kinataka kulazwa ndani ya kitu kizito chenye mafuta, kipate moto kidogo tu, basi. Kwa hiyo sosi. Na sosi inaita tambi, hapo hatubishani.

Wamarekani hili tatizo wanalijua kuliko sisi, maana wao Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu yao ya Shukrani, karibu kila nyumba imeoka bata mzinga, na Ijumaa yake kila nyumba ina kiporo. Wakaja na chakula wanakiita tetrazzini, jina la Luisa Tetrazzini, mwimbaji wa opera wa Kiitaliano aliyevuma sana huko kwao mwanzoni mwa karne iliyopita. Jina la Kiitaliano ila chakula chenyewe ni cha Marekani, tambi, nyama ya kuku au bata mzinga, uyoga, sosi nzito ya maziwa na krimu, jibini juu, kinaingia ovenini kinatoka kimekauka kwa juu na ndani laini. Kitamu, sina ugomvi nacho. Ila angalia walichofanya: wana ng'ombe wa maziwa wa kumwaga, wakatumia krimu. Walichukua kilichokuwa jikoni kwao. Sisi tunaangalia video zao kwenye simu tunaenda kununua kilichopo jikoni kwao, na kopo la supu ya uyoga juu, wakati mvua zikianza huku kina mama wanapanga uyoga wa porini pembeni ya barabara, mtamu kuliko chochote cha kopo (nunua kwa wanaoujua lakini, uyoga si wa kuokota kwa kubahatisha).

Haya korosho. Korosho iliyobanguliwa ambayo haijakaangwa, kwenye gramu 100 kama 44 ni mafuta, na juu ya hapo ina wanga wa kutosha kuliko karanga na lozi. Huo wanga ndo siri yenyewe. Ukiisaga na maji ukaipeleka motoni inajifunga yenyewe, inakuwa nzito bila unga wa ngano, bila chochote, na wala huhitaji kuchuja machicha. Krimu inakuja na mafuta peke yake, kwenye uzito unabaki unahangaika na unga na siagi. Na nchi hii korosho nyingi inaondoka ghafi na maganda yake kwenda India na Vietnam ikabanguliwe huko. Yaani tunawauzia wenzetu kitu kizuri kisha tunaenda kununua cha boksi, kwakweli nikianza hii mada simalizi.

Ukienda kununua chukua vipande. Zile nzima nyeupe waachie wanaopeleka zawadi Dar, kwenye sosi zote zinasagwa, kipande na nzima havitofautiani ila kwa bei. Usichukue zile za kukaanga zenye chumvi za stendi, zinafanya sosi inakuwa ya kahawia na inanuka moshi, na chumvi yake huwezi kuipima. Na kwa wageni wa mkoa, wenyeji najua mnajua, usijaribu kubangua mwenyewe nyumbani kwa meno wala kwa mikono mitupu, lile ganda lina mafuta yanaunguza ngozi, kina mama wanaobangua wenyewe mikono yao imeona mambo.

Sasa ninavyopika mimi. Nyama naichambua kwa vidole, si kwa kisu, kwa sababu kisu kinakata vipande sawasawa vinavyoteleza kwenye tambi, vidole vinachana kufuata nyuzi za nyama na sosi inapata pa kushika. Na usiishie kifuani. Mpindue, kule mgongoni chini karibu na nyonga kuna vishimo viwili, kila upande kimoja, ingiza kidole gumba kinatoka kipande kizima cha nyama nyeusi laini ambacho watu wanakitupa na mifupa. Hicho mi nakula hapo hapo nimesimama, mpishi ana haki zake.

Mifupa yote inaingia sufuriani na maji, kitunguu kizima, tangawizi, punje chache za pilipili manga, inachemka taratibu saa moja na nusu hivi. Wakati huo korosho ziko kwenye maji ya moto zinalainika. Kwa pakiti ya tambi ya gramu 500 naweka kikombe kimoja na nusu cha korosho na vikombe vitatu vya maji, nasaga kwenye blenda mpaka nikigusa kwa vidole sisikii chembe. Umeme ukiwa umekatika, basi kinu kipo, unatwanga korosho zilizolowa mpaka zinakuwa uji mzito ndo unaongeza maji, chembechembe zitabaki na wala si mbaya, kuna watu nyumbani kwangu wanaitaka hivyo.

Kitunguu maji naweka kingi, nakikaanga kwa moto mdogo mpaka kinalegea kinaanza rangi ya dhahabu, saumu, hoho moja, uyoga kama upo. Bizari ya pilau acha kabatini, tafadhali, ukishaitia hapo umepika pilau ya tambi. Pilipili manga ya kutwanga sasa hivi, inatosha. Supu ya mifupa miiko mikubwa kadhaa, kisha tui la korosho, na hapa usiondoke kwenda kujibu meseji maana linashika chini haraka. Koroga. Mwanzo linaonekana jepesi kama maziwa ya chai unaanza kuwa na wasiwasi, halafu likianza kutoa mapovu mazitomazito unasikia mwiko umekuwa mzito mkononi, ukiupitisha katikati ya sufuria njia inabaki kidogo kabla sosi haijarudi. Hapo limeshakuwa. Likizidi, maji ya tambi yanarudisha.

Tambi zichemshie maji mengi, Waitaliano wanasema lita 1 kwa kila gramu 100, na chumvi ya kusikika, ila zitoe dakika mbili kabla hazijaiva maana zitamalizia ndani ya sosi. Kikombe cha yale maji yake weka pembeni usimwage. Nyama ndo ya mwisho kabisa kuingia, ichanganyike, ipate moto mpaka katikati, kisha ndimu nusu. Ndimu usiisahau, bila ndimu korosho inachosha mdomo ukifika katikati ya sahani.

Ukitaka kuoka kama Wamarekani na huna oveni, si tuna moto wa juu na chini? Ule ule wa mkate wa kumimina. Mkaa kidogo chini, mkaa mwingi juu ya mfuniko, juu ya tambi unanyunyizia mkate mkavu uliovurugwa na korosho zilizotwangwa nusunusu, robo saa unafunua kumekuwa kwekundu kunakwaruza. (Gesi inachimbwa hapo Msimbati, mi napulizia mkaa. Tuendelee.)

Kuna watu wa nazi najua mnanisubiri. Nazi naipenda, pweza bila nazi mi sili. Ila tui la nazi kwenye bata mzinga linachukua kila kitu, harufu yake inatangulia, utamu wake unakuja na tambi zinakumbuka futari. Na likichemka vibaya linakatika, mafuta juu maji chini. Korosho inakaa kimya inaiacha nyama iongee.

Na hilo la futari si utani. Mama mkwe wangu ni wa Mikindani, kwake yeye tambi ni za Ramadhani, sukari, nazi, iliki, zabibu kama hali inaruhusu. Siku namwekea hizi akaziangalia kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, sukari unatia saa ngapi?" Nikamwambia, "Hizi za chumvi, mama." Akasema, "Haya. Za chumvi." Akala kimya, akasogeza sahani akaongezewa, hakusifia hata neno moja. Mtu wa Mikindani akiongeza ndo amesifia, ukitaka zaidi ya hapo utasubiri.

Lingine ambalo nabishana nalo ni hii habari ya kwamba mgeni hapewi kiporo. Mgeni hapewi kiporo kilichopashwa, hapo nakubali, hata mimi nikipewa nyama imejikunja kwenye sahani najua nimefika siku mbaya. Lakini nyama ya jana iliyoingia kwenye sosi ya leo, tambi za leo, ndimu ya leo, hicho ni chakula kipya na mtu aliyechoka kula pilau siku mbili mfululizo atakushukuru. Baada ya sikukuu watu hawataki karamu tena, wanataka bakuli moja, kijiko, wakae barazani wamevaa kanga na msuli waache kuongea.

Sharti ni kwamba nyama iwe imetunzwa. Hapa nakuwa mkali. Wataalamu wa usalama wa chakula wanasema nyama iliyoiva isikae nje zaidi ya saa 2, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa 1 tu, sasa Desemba ya Mtwara mnaijua wenyewe, ile nyama iliyoshinda mezani kuanzia mchana mpaka wageni wa jioni wameondoka hiyo si kiporo tena. Wakishamaliza kula raundi ya kwanza, ichambueni ikiwa bado ina uvuguvugu, itandazwe kwenye vyombo vifupi ipoe haraka, iingie friji, ina siku 3 mpaka 4. Ile tabia ya kuchemsha sufuria usiku na asubuhi tuliyorithi kwa bibi zetu inasaidia lakini haimalizi kazi, kuna bakteria wanaacha sumu ambayo hata uchemshe vipi haitoki. Huna friji? Tambi zipikwe usiku ule ule, au nyama igawiwe ikiwa ya moto, majirani wapo.

Pembeni mi naweka kachumbari ya embe bichi, msimu wenyewe ndo huo, embe, kitunguu, pilipili mbuzi, chumvi, basi, hakuna nyanya. Uchachu ule na uzito wa korosho vinaelewana.

Mtaniuliza kama kuku anafaa. Wa kienyeji anafaa sana, ila akiwa jogoo mzee rudisha nyama kwenye ile supu ya mifupa ichemke nusu saa kabla ya kuchambua. Kuku wa kisasa pia anakubali, ila nyama yake ikishapata moto mpaka katikati zima hapo hapo, ukichelewa anasambaratika unabaki na sosi yenye nyuzi.