Sikuwakimbia Shangazi Zangu Feri

Kwanza, kwa wale mlioletewa ile video ya sekunde 14 na rafiki yangu (simtaji, anajijua, na mia tano yangu ya tangu Ramadhani bado hajarudisha): ndiyo, yule mwanamume wa kanzu nyeupe anayetokomea na gari huku wanawake watatu wa buibui wakimfukuzia kwenye gati la feri ya Likoni, Mombasa, ni mimi. Wale ni shangazi zangu. Ile sufuria ilikuwa ya kaimati.

Sikuwakimbia. Sikuwa na klachi. Ni mambo mawili tofauti.

Mnaonifuata kitambo mwakumbuka mwezi uliopita nilijigamba hapa kwamba nimeshajua gari langu linaumwa wapi. Asubuhi pedali ya klachi (ile ya kuachanisha injini na gia) ilikuwa laini, waikanyaga yaenda chini bila ubishi. Ukiipampu mara tatu nne inapata nguvu, siku inakwenda. Rivasi ikilia krrr kama anayesaga meno usingizini. Nikatazama video mbili usiku, nikatoa hukumu: klachi peleti imekwisha. Nikanunua mpya, shilingi 6,500, nikaitia chini ya kitanda nikingoja mshahara wa kumlipa fundi ashushe giaboksi. Iko hapo mpaka leo. Anayeitaka anitafute, hata karatasi haijatoka.

Kisha zulia la chini ya pedali likawa linalowa na kunatanata. Hapo nilimshika mpwa wangu wa miaka sita, maana nilimwona na dafu garini. Aliapa hakumwaga. Nikamnyima mabuyu wiki nzima, zulia nikalifua kwa sabuni, nikalianika. Baada ya siku mbili likalowa tena. Nikamnyima wiki ya pili. Shikeni hilo la zulia, litarudi.

Jumamosi kulikuwa na harusi Kibokoni, ng'ambo ya feri. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuwatoa shangazi zangu Likoni na kuwafikisha kwa bibi harusi kabla ya saa saba. Shangazi mkubwa akakaa mbele na sufuria mapajani, wale wawili nyuma. Kuingia feri hakukuwa na shida, nilipampu pedali hadi mguu ukafa ganzi. Tukapangwa mstari wa mbele kabisa. Nilifurahi, wallahi. Nilimwambia shangazi, "Waona, tutashuka wa kwanza."

Feri ikafika ng'ambo. Maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo mlima wa kutoka umesimama kama mnazi. Watu wa miguu wakamalizika kushuka. Mwenye koti la kuakisi akapiga filimbi, akanionyesha kidole: wewe, haya.

Nikakanyaga klachi. Ikaenda chini. Nikatia gia, krrr. Nikapampu. Hapo pedali ikalala sakafuni na isirudi. Nikaiinua kwa kidole cha mguu, kiatu nimekivua, nikaikanyaga tena, ikalala tena, starehe kabisa, kama mtu aliyefika kwao.

Filimbi. Nyuma yangu lori likapiga honi, moja ndefu, halafu feri nzima ikajibu.

"Gari hino ina nini?" akauliza shangazi mkubwa.

"Hakuna kitu shangazi, yapata moto kidogo."

"Ya moto mbona haiendi?"

Vijana wanne wakaja, hata sikuwaita. Wakasukuma mpaka tukavuka bamba la feri, mlima ulipoanza gari likagoma. Mmoja akachungulia dirishani, akasema kwa adabu zote, "Mama zangu, mkishuka litakuwa jepesi." Shangazi wakateremka, mmoja mmoja, na sufuria yao. Shangazi wa kati alikuwa amevaa viatu vya kisigino kwa mara ya kwanza tangu harusi yake mwenyewe.

Hapo ndipo akili ikanijia, na laiti isingenijia. Nilishasikia kwamba gari lisilo na klachi lizime, tia gia ya kwanza likiwa limezima, kisha washa hivyo hivyo. Stata yenyewe italivuta. Nikazima. Gia ikaingia kama siagi. Nikageuza ufunguo.

Gari likaruka. Likaruka tena. Halafu injini ikashika, likaanza kupanda mlima lenyewe, na vijana wakashangilia kama timu imefunga bao.

Nikaona kwenye kioo: shangazi watatu, wamesimama.

Nikatoa kichwa dirishani. "Siwezi kusimama! Nikisimama litazima!"

"Yuwaenda wapi huyu?" nikamsikia shangazi mdogo. Wakaanza kukimbia. Nami nikawapungia mkono. Kwa nini niliwapungia mkono sijui. Ndicho kipande ambacho rafiki yangu amekirudiarudia kwenye video, akakitilia muziki wa taarabu. Nilikuwa namaanisha "njooni". Mkono ukasema "kwaherini". Kifuniko cha sufuria kikatoka, kaimati zikabingirika zikirudi feri, na yule mwenye koti la kuakisi akaokota moja akala.

Najua mtakaloandika hapo chini: ungezima tu, wakapanda, ukawasha tena vile vile. Ahsanteni. Nimelifikiria tangu Jumamosi, kila baada ya dakika kumi.

Basi nikaenda na gia ya kwanza, injini inapiga mayowe, hadi barabara ya Nyerere. Mikokoteni ilikuwa ikinipa salamu. Kisha tuktuk ikanipita taratibu upande wa kulia. Ndani yake shangazi watatu na sufuria. Wawili wakanitazama. Mkubwa alitazama mbele.

Fundi alilifungua Jumapili. Hakugusa giaboksi. Aliingiza mkono nyuma ya pedali, akautoa umelowa, akanusa. "Mafuta ya breki," akasema. "Hujaona zulia?"

Nikanyamaza. Nilikuwa namfikiria mtoto wa watu.

"Peleti ikiisha," akaendelea, "injini yanguruma na gari halina mbio, lakini gia zaingia. Gia zikikataa injini ikiwaka, na ukizima zaingia, basi klachi haiachii injini. Uliza mafuta yamekwenda wapi." Pedali, akanieleza, husukuma masta silinda, masta husukuma mafuta hayo ya breki kwenye paipu hadi silinda ndogo kule kwenye giaboksi, nayo husukuma uma wa klachi, ndio unaoiachisha. Raba ya masta ilikuwa imechanika, mafuta yakawa yananiteremkia miguuni, hewa ikaingia mahali pake. Mafuta hayakandamiziki, hewa hukandamizika. "Wewe ulikuwa wakanyaga upepo." Raba yenyewe iliyonidhalilisha mbele ya Likoni nzima ni ndogo kuliko pete.

Masta mpya, raba mpya za silinda ya chini, chupa ya mafuta ya breki, kisha kutoa hewa: mimi juu nakanyaga, yeye chini na spana. "Kanyaga! Shika!" Afungua nipeli, ile skrubu ya kutolea hewa, mapovu yatoka, afunga. "Achia!" Mara ya nne niliachia kabla hajafunga, hewa yote ikarudi ndani. Alinyamaza muda mrefu sana chini ya gari. Tukaanza upya, pedali ikakaza, kwisha.

Mpwa wangu nimemlipa mabuyu ya wiki mbili. Anadai riba.

Shangazi zangu wanarudi Likoni Ijumaa. Nimewaandikia kwamba gari limepona, nitawapitia saa tisa. Wale wawili wamesoma, kimya. Shangazi mkubwa amejibu kwa sauti, sekunde nne nzima: "Usije." Na nyuma yake tuktuk inanguruma.