Simuleta ya gofu inashitakiwa kwa kosa la mkeka

Malalamiko dhidi ya simuleta za gofu, yaani mashine za kuchezea gofu chumbani mbele ya skrini, ni mawili, na yanapingana. Mwanagofu wa Mombasa au Dar es Salaam hudai mashine inampa sifa asizostahili: ndani anapiga aini 7 (fimbo ya chuma ya masafa ya kati) yadi 170, akitoka uwanjani mpira unaishia yadi 150. Mwenzake wa Nairobi hulia kinyume, kwamba ndani anapunjwa yadi kumi ambazo uwanjani anazipata kila Jumamosi. Mashine za aina moja, programu moja, mashitaka mawili yasiyokaa chungu kimoja. Hapo ndipo mtu makini anapaswa kushuku kuwa mshitakiwa huenda siye.

Mpira uliopigwa chumbani hausafiri zaidi ya mita tatu au nne kabla ya kugonga skrini. Kila unachokiona baadaye, mpira ukipaa juu ya miti, ukipinda, ukidunda karibu na bendera, ni hesabu. Kwa hiyo simuleta ina kazi mbili: kupima mpira unavyoondoka kwenye fimbo, kisha kukokotoa safari yake. Wengi wanaoilaumu huzichanganya kazi hizi, ilhali ya kwanza inafanywa vizuri kuliko wanavyodhani.

Kifaa cha kamera kama GCQuad, chenye kamera nne, huupiga mpira picha katika sentimita za mwanzo za safari na kusoma kasi, pembe ya kupaa, mwelekeo na spini, yaani mpira unajizungusha mara ngapi kwa dakika na mhimili wake umelalia upande gani. Kwa kifaa cha namna hiyo chumba si kikwazo, kwa sababu kile kinachohitaji kukiona kinatokea palepale mbele yake. Rada ni habari nyingine. TrackMan na wenzake hupenda kuufuata mpira hewani, na ndani hewa hiyo haipo. Kasi huipata bila taabu, lakini spini huhitaji msaada, ndiyo maana kuna vibandiko vya metali vya kubandika kwenye mpira na mipira kama Titleist RCT iliyotengenezwa isomwe na rada. Rada ndogo za bei nafuu kama Garmin R10 zinataka karibu mita 2 nyuma ya mpira na angalau mita 2.5 mbele yake. Ukizibana kwenye chumba kifupi, sehemu kubwa ya spini inayoonyeshwa ni makadirio yaliyotokana na kasi na pembe. Anayelalamika kwamba weji zake (fimbo za mapigo mafupi ya juu) ndani hazina spini ya kutosha ajiulize kwanza swali hili: spini yangu ilipimwa au ilikadiriwa?

Halafu kuna ufungaji, na hapa mafundi wengi hufanya haraka. Kifaa kikigeuka digrii 1 tu kutoka kwenye mstari wa shabaha, kila mpira utasomwa umetoka pembeni kwa digrii hiyo. Kwenye mita 200 hiyo ni mita 3.5. Digrii 2 ni mita 7, tofauti kati ya fewei (njia ya nyasi fupi) na rafu (nyasi ndefu za pembeni), na mchezaji ataanza kurekebisha swingi (namna anavyozungusha fimbo) isiyo na ugonjwa. Vivyo hivyo kwa usawa: kifaa kilicholala sakafuni huku mkeka umeinuka sentimita tatu hakiuoni mpira pale kinapoutarajia, na kifaa kilichoinama mbele au nyuma huongeza au kupunguza pembe ya kupaa kwa kila pigo. Pimamaji ya fundi ujenzi na uzi uliovutwa kutoka kwenye mpira hadi katikati ya skrini hutibu mengi ya haya kwa dakika kumi.

Sasa turudi kwa mwanagofu wa Nairobi, maana kesi yake ndiyo inayoeleza mengi.

Chukua wastani unaojulikana wa TrackMan kwa wachezaji wa PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya kulipwa ya Marekani: aini 7 huondoka kwa maili 120 kwa saa, hupaa kwa digrii 16 na ushei, spini karibu 7,100 kwa dakika, na hutua yadi 172, sawa na mita 157. Tuzichukulie kuwa hesabu za usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita. Pigo lilelile, likipimwa na kamera ileile, litasomwa kasi ileile, pembe ileile na spini ileile, kwa sababu mwinuko hauigusi fimbo inapokutana na mpira. Kinachobadilika ni kilichobaki cha safari. Kanuni inayotumika sana ni ongezeko la zaidi kidogo ya asilimia 1 kwa kila futi 1,000, kwa hiyo Nairobi inaongeza asilimia 6 au 7. Mita 157 zinakuwa 167. Draiva (fimbo ya kupiga mbali zaidi) inayotua mita 250 pwani inaongeza kama mita 16.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini hewa ipungue sehemu moja kati ya sita na umbali usiongezeke kwa kiwango hichohicho. Ni kwa sababu hewa humfanyia mpira mambo mawili: humzuia, na kwa msaada wa spini humnyanyua. Nyepesi ikiwa, vyote viwili hupungua. Ndiyo maana mpira wa Nairobi huruka chini zaidi, hushuka kwa mteremko mdogo na hukimbia baada ya kutua. Na kuna jambo ambalo wachache hulitaja: hewa nyepesi hupunguza pia kupinda. Anayepindisha draiva kulia pale Muthaiga, Nairobi, akabaki kwenye ukingo wa fewei, akishuka Vipingo, pwani, na swingi hiyohiyo atautafuta mpira wake vichakani, na huenda akailaumu fimbo.

Programu nyingi zina mahali pa kuingiza mwinuko, na nyingi huanzia sifuri. Sifuri hiyo ndiyo inayompunja mtu wa Nairobi yadi zake kumi. Kosa la pili ni la aliyesikia habari hizi nusu: anaingiza 1,700 kwenye kisanduku kinachosoma futi. Futi 1,700 ni mita 518, si Nairobi hata kidogo; namba sahihi ni futi 5,577. Ongezeko linakuwa asilimia 2 badala ya 6 na ushei, na kwa kuwa umbali umeongezeka kidogo, kila mtu anaridhika kuwa kazi imefanyika. Kosa la namna hii laweza kudumu miaka.

Tena kuna mkanganyiko mwingine. Ukichagua kucheza St Andrews kwenye skrini, programu nzuri itakupa hewa ya ufukweni Uskoti, si ya Nairobi. Mita zako 157 pale ni haki yako. Mashine imekwambia kweli ambayo ungeijua tu kwa kupanda ndege.

Vipi kuhusu mtu wa pwani, ambaye anga lake liko sawa na la programu na bado anaona ndani anazidishiwa? Sehemu ya jibu ni ya kawaida mno. Skrini inasoma yadi, kichwa chake kinasoma mita, na yadi 150 ni mita 137. Au analinganisha umbali wote pamoja na mbio za mpira kwenye fewei ngumu ya skrini, na umbali wa hewani tu uwanjani. Au mwenye ukumbi amewasha kipengele cha kumwongezea umbali anayeanza, maana mteja aliyefurahi hurudi. Mipira nayo ina lake: simuleta hukokotoa kana kwamba kila mpira ni mpya na vibonyeo vyake ni vizima, ilhali mpira uliochubuka hauruki hivyo.

Lakini sehemu kubwa ya jibu iko chini ya miguu yake, na hapa upande wa wakosoaji una hoja ambayo haifai kupunguzwa.

Mkeka husamehe. Mchezaji anayegusa ardhi sentimita nne kabla ya mpira akiwa kwenye nyasi hukata udongo, kichwa cha fimbo hupoteza kasi, na mpira huanguka njiani. Kwenye mkeka wenye msingi mgumu, unyayo wa fimbo hudunda na kuteleza mbele hadi kwenye mpira, ukiwa umepoteza kasi kidogo tu. Kamera inaona mpira ulioondoka vizuri na inasema kweli: mpira umeondoka vizuri. Kosa halikurekodiwa kwa sababu kwa mpira halikutokea. Hili ni zito zaidi kwetu kuliko Uskoti, kwa sababu viwanja vya nyanda za juu za Kenya vina nyasi za kikuyu, zilizopewa jina la huko huko zilikotoka. Nyasi hizi ni nene na zinanata. Hushika shingo ya fimbo, hufunga uso wake, na mpira mfupi wa kubingirika kuelekea grini (nyasi fupi sana zenye shimo) huumeza njiani. Kwenye rafu majani yakikaa kati ya uso wa fimbo na mpira, spini hushuka, na mpira unaweza kuruka mbali kuliko ulivyotaka au usitoke kabisa. Simuleta huyafupisha yote hayo kuwa asilimia fulani ya kukatwa. Mpira wa rafu ya kweli hauna asilimia, una bahati. Upepo vilevile: wa programu huvuma kwa kasi moja kama feni, wakati kusi ya Kilifi hukatika nyuma ya mibuyu na kukurudia mpira ukiwa juu.

Ushahidi bora wa mipaka hii umetoka kwa wenye pesa kuliko wote. Ligi ya gofu ya skrini ya TGL, iliyoanza Januari 2025 huko Palm Beach Gardens, Florida, ina skrini ndefu kama jengo la ghorofa tano, na bado wachezaji hupiga kutoka kwenye nyasi halisi na mchanga halisi, kisha mapigo ya karibu na kuputi (kuusukuma mpira hadi shimoni) hufanyika kwenye grini ya kukanyagwa kwa miguu. Waliokuwa na uwezo wa kununua teknolojia yoyote waliamua kutoigiza mchezo mfupi. Golfzon ya Korea Kusini nayo imeweka majukwaa yanayoinama chini ya mchezaji ili mteremko usiwe picha tu, jambo linalokiri kwamba sakafu iliyonyooka ilikuwa pengo. Kuputi hakuhitaji hata hoja: mteremko wa grini husomwa kwa nyayo kabla ya macho.

Ila Korea hiyohiyo imetupa pia Kim Hong-taek, bingwa wa gofu ya skrini, aliyeshinda GS Caltex Maekyung Open mwaka 2024 kwenye uwanja wa kweli. Mtu mmoja hathibitishi kanuni, na alikuwa mcheza gofu wa kulipwa tangu awali. Lakini wanaosema stadi za chumbani haziko hai nje wana kazi ya kumweleza.

Anayetaka kujua simuleta yake ina tofauti gani na uwanja afanye hivi. Apige kwa aini 7 mipira kumi ya aina anayochezea, aondoe miwili mirefu na miwili mifupi kuliko yote, achukue umbali wa hewani wa sita iliyobaki. Taulo lililokunjwa liwekwe sentimita 10 nyuma ya mpira. Pigo lolote linaloligusa lisihesabiwe, kwa kuwa hilo ndilo ambalo mkeka ungelificha. Kisha asubuhi isiyo na upepo, kwenye fewei tambarare, apige kumi vilevile na kupima kwa leza hadi alama za kutua, si pale mpira uliposimama. Arudie na fimbo nyingine, weji zikiwemo. Tofauti ikiwa chini ya mita tano, mashine haina kesi. Ikizidi, na inazidi kwa fimbo zote kwa asilimia ileile, afungue ukurasa wa mwinuko na kusoma kipimo. Ikizidi kwa weji pekee, aangalie spini. Na kama taulo lilirushwa mara sita kati ya kumi, basi ameshapata jibu kabla hajafika uwanjani.