Mlipeni kwa siku, si kwa sini

Tamthilia nyingi zinazorekodiwa Kampala zinasimama juu ya watu ambao mtazamaji anawajua sura ila hajui majina yao: mzee wa ukoo anayekuja kikaoni, shangazi mwenye maneno makali, mwenye duka, polisi wa zamu. Wengi wao wanalipwa kwa sini, yaani kwa kila tukio moja la hadithi linalorekodiwa. Sini moja, malipo moja, iwe ya mistari miwili au kurasa tatu. Utaratibu huu unawaumiza wao, na naona unaiumiza tamthilia yenyewe pia.

Fuata siku ya huyo mzee wa ukoo. Ratiba inaingia WhatsApp usiku. Anatakiwa saa kumi na mbili asubuhi kwenye nyumba ya kukodi, tuseme Najjera au Muyenga. Kazi haifuati mpangilio wa hadithi, inafuata mahali: sini zote za sebuleni zinarekodiwa kwa mkupuo, hata kama moja ni ya sehemu ya 4 na nyingine ya sehemu ya 11. Wahusika wakuu wana nyingi, kwa hiyo yake inasukumwa mbele, kisha inasukumwa tena. Kwenye skripti, ukurasa hugawanywa kwa nane, na ukurasa mzima ni kama dakika moja hewani. Sini yake ni nane mbili, yaani robo dakika. Kwa robo dakika hiyo amekaa kwenye kiti cha plastiki tangu alfajiri, amevaa kanzu na koti.

Halafu mvua inanyesha. Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, hili si jambo la bahati mbaya, ni kalenda. Mvua ikipiga bati, fundi sauti anavua vifaa vya masikioni na kila mtu anakaa. Jua la Kampala huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, hakuna jioni ndefu ya kufidia. Sini inaahirishwa. Aliyekuja kwa malipo ya sini anarudi nyumbani bila kitu, na nauli ya boda ni yake.

Hapo ndipo ubaya ulipo. Ukilipa kwa sini, kusubiri kwa mwigizaji hakumgharimu mtayarishaji hata shilingi, na kisichogharimu hakipangwi. Ukilipa kwa siku, msaidizi wa mwongozaji atakusanya sini zote za mzee wa ukoo aziweke Jumanne moja, jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu mwanzo. Watayarishaji husema stesheni hazitoi pesa za kutosha. Ni kweli hazitoi. Ila siku moja iliyojazwa vizuri haizidi gharama ya siku tano zilizotawanywa, ukihesabu chakula na mafuta ya jenereta.

Na kazi yenyewe si ndogo kama inavyodhaniwa. Kwa kawaida kamera huchukua kwanza picha pana ya kikao kizima, kisha nyuso za wakuu, na mzee anafikiwa mwisho, mwanga ukiwa unapungua. Kama kwenye picha pana aliinua kikombe kwenye neno "mahari", lazima akiinue kwenye neno hilo hilo kwenye teki ya saba, yaani sini ikirudiwa mara ya saba, kwa mkono ule ule, chai ikiwa kwenye kimo kile kile. Mwenye uzoefu hufunga kila tendo kwenye neno, si kwenye hisia, maana hisia huhama. Hunywa tone tu. Hupiga picha ya mavazi yake kwa simu kabla ya kuyavua, kwa sababu sini inayofuata hiyo huenda ikarekodiwa wiki mbili baadaye na mtunza mavazi keshabadilishwa. Wakati uso wa mwenzake unachukuliwa, hamkatizi maneno hata kama wangekatizana kweli: sauti mbili zikipandana, mhariri hana pa kukata.

Shangazi ana shida zaidi kwa sababu ya gomesi, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda. Kitambaa kinachong'aa kinachakarisha kila anapopumua, na maiki ya kifuani inasikia hilo kuliko sauti yake. Huigandishi tu kifuani ukaondoka. Inabanwa kwa tepi pande zote mbili, kwenye ukingo wa shingo ya mraba, mbali na vifungo viwili vya kushoto, na kisanduku chake kinakaa mgongoni chini ya mshipi. Shangazi anayejua hilo hajigusi kifua kwa huzuni. Anagusa goti. Asiyejua anaharibu teki tatu, na hizo pia ni pesa.

Wanaoumia kuliko wote ni wenye Kiswahili kizuri. Uganda Kiswahili kimebeba buti za jeshi tangu enzi za wakoloni, na amri ya Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikusaidia kuondoa sura hiyo. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, lakini waandishi wa tamthilia bado wanakiandikia askari wa kizuizi cha barabarani: "Simama! Kitambulisho!" Sini moja, malipo moja, kwaheri. Sioni kwa nini Mswahili wa tamthilia asiwe daktari, au baba mkwe.

Mkataba basi uandike siku, na useme wazi: ukishafika seti na kazi ikavunjwa, nusu ya malipo ya siku ni yako. Saa za kazi zinazozidi kumi na mbili kwa siku zina bei yake. Mtayarishaji akikwambia usinyoe ndevu kwa mwezi mzima, hilo nalo lina bei, hasa kwa wale ambao wikendi ni wasemaji wa familia kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani, na huko ndiko kodi ya nyumba inakotoka. Malipo yakizidi shilingi 1,000,000 na mlipaji akiwa ameteuliwa kukata kodi, asilimia 6 hukatwa na kupelekwa mamlaka ya mapato. Dai cheti cha makato hayo, vinginevyo hutaweza kuihesabu kwenye kodi ya mwaka. Sheria ya hakimiliki ya 2006 inamtambua mwigizaji, ila saini ya haraka inaweza kuuza marudio yote kwa mkupuo.

Na usisaini msimu mzima. Omba sehemu 13, kisha mjadiliane upya. Kabla hujarekodiwa, unabadilishwa kwa simu moja. Ukishakaa kwenye vikao vitatu vya ukoo vilivyokwisha kurushwa, kukutoa ni kuandika upya hadithi au kuua mhusika, na hapo mtayarishaji hupokea simu yako mlio wa kwanza.