Haikuwa Kamba ya Ng'ombe

Kwanza, haikuwa kamba ya ng'ombe. Ulikuwa uzi mweupe wa poliesta, mwembamba kama utambi wa koroboi. Pili, yule mama hakuwa mama mkwe, alikuwa shangazi wa bwana harusi. Tatu, sikukimbia kupitia jikoni. Nilipita jikoni, hilo sikatai, ila nilikuwa natembea. Kwa haraka.

Naandika kwa sababu Babuu kanitangulia. Tangu Jumapili asubuhi sauti aliyorekodi kuhusu mambo yangu ya kwenye sendofu ya Jumamosi inazunguka kwenye magrupu, dakika nne na nusu, na dakika mbili nzima hapo ndani ni kicheko tu. Jana naingia karakana, hapa Unga Limited, dogo anayefagia vyuma kaniamkia: "Shikamoo, Saluni." Nikajua imeshafika Arusha. Basi sikilizeni yenyewe, maana aliyeshika uzi ni mimi.

Babuu ni mpagazi wa Kilimanjaro. Mwezi uliopita kashuka na wageni kupitia Mweka, mmoja wao kampa tipu na juu ya tipu kamwongezea yoyo. Si hizo yoyo mnazozijua. Ya bluu, aluminiamu tupu, baridi mkononi kama soda iliyotoka kwenye friji sasa hivi. Babuu kairusha, ikashuka. Kaivuta, ikabaki kule kule chini inazunguka. Kaivuta tena, wapi. Akanipigia: "Mwanangu, wewe fundi wa vyuma, nina kitu hapa kimekufa beringi. Elfu tano, chukua."

Nikachukua. (Msianze kucheka, bado hatujafika.)

Mjue kwamba mimi kwenye yoyo si mshamba. Nikiwa darasa la tano, Moshi, nilikuwa natoza wenzangu nusu andazi ili wanitazame. Zile zilikuwa za plastiki, vipande viwili vimebanwa kwenye kijiti, na uzi umezungushwa kwenye kijiti chenyewe. Uzi unasuguana na kijiti muda wote, kwa hiyo ukiugusa tu unashika, yoyo inapanda. Ilikuwa nyepesi, inapiga kelele, ikilala huko chini ni sekunde tatu nne imechoka. Lakini ilikuwa na adabu. Ukiiita, inakuja.

Hii ya Babuu nilipoifungua juu ya meza nilikaa kimya kidogo. Wenzangu wa karakana mtanielewa. Inafunguka kwa mkono, nusu huku na nusu huku, kama kifuniko cha chupa ya chai. Katikati kuna skrubu isiyo na kichwa, na juu ya skrubu kuna beringi. Nikaipima kwa kalipa: nje milimita 12.7, ndani 6.35, yaani nusu inchi na robo inchi kamili. Uzi haugusi ekseli hata kidogo, unakaa juu ya beringi. Halafu kwenye ukuta wa ndani, kila upande, kuna kiduara cha silikoni, laini kama ile ya kuzibia sinki.

Na huyo aliyeikereza alikuwa na akili zake timamu. Katikati kaifanya nyembamba mpaka unaona huruma, uzito wote kausukumia ukingoni. Flaiwili! Ile ile ya mashine ya kusaga: uzito ukikaa mbali na katikati, kitu kikishaanza kuzunguka hakitaki kuacha. Plastiki ukitaka ukingo wake uwe mzito lazima uijaze iwe nene kama andazi, aluminiamu inakubali kupunguzwa na bado haipindi. Nikaipeleka kwa sonara jirani, mizani ikasoma gramu 66. Yai moja lililoshiba. Ila likiwa linazunguka mwisho wa uzi unalisikia hadi kwenye kiwiko, limetulia, halitikisiki. Uso wake nao haung'ai, umepigwa mchanga, ukipitisha kidole ni kama unagusa chaki, ili ikigusa ngozi huku inazunguka iteleze badala ya kukung'ang'ania.

Wenye hela wanaongeza pete ya chuma cha pua ukingoni, uzito uende nje zaidi. Zipo pia za titaniamu, hizo ukiigusisha zege wakati inazunguka inatoa cheche. (Namshukuru Mungu yule mgeni hakuwa tajiri kiasi hicho. Ukumbi ule ulikuwa umepambwa vitambaa hadi darini.)

Kwa hiyo haikuwa imekufa. Ilitengenezwa isirudi. Mfilipino Pedro Flores, aliyeanza kuzitengeneza kule California mwaka 1928, uzi wake haukufungwa kwenye kijiti, ulizungushwa kitanzi tu, ili yoyo ipate kulala. Hawa wa sasa wameweka beringi, imelala jumla. Ukitaka iamke unaifanyia kitu kinaitwa baindi: inapozunguka, unaukunja uzi kidogo, ile kona unailisha kwenye mwanya wa kati ya zile nusu mbili. Uzi ukirundikana mle ndani unagusa silikoni pande zote mbili, silikoni inaunasa, yoyo inajikunja hadi kiganjani, pwaa!

Narudia, maana ndiyo kesi yenyewe: chochote laini kikirundikana kwenye mwanya, silikoni inanasa. Mwanya hauulizi hiki ni uzi au ni nini.

Wiki tatu nimefanya mazoezi nyuma ya karakana. Kila jioni naonekana nimeinama nakunja uzi kwa mkono kama mvuvi aliyekosa. Baindi ilikuwa inakubali mara moja kati ya kumi, na hiyo moja inanigonga kifundo cha kidole. Halafu kuna suala la urefu wa uzi. Kawaida unaiacha yoyo iguse sakafu, uzi unapanda hadi kitovuni, unakata hapo, unafunga kitanzi cha kidole. Mimi nilikata kidevuni. Uzi wenyewe niliuagiza Dar kwa dereva wa basi, nikaona kuukata ni kutupa hela.

Haya. Jumamosi.

Sendofu ya dada yangu, binti wa mama mdogo. Ukumbi uko Moshi, siutaji. Sisi ndio wenyeji, wakwe wamekaa upande wa kushoto wamependeza, na mbele kabisa kakaa shangazi wa bwana harusi, ambaye kwa muda wa saa mbili nilikuwa najua jambo moja tu kumhusu: lile wigi. Refu hadi kiunoni, limelala kama maji, rangi ya divai. Nyuma yake feni ya kusimama, kila ikigeuka nywele zinapaa kidogo kuja mbele.

Ndafu akaingia. Mbuzi mzima, kabanikwa vizuri, kasimama kwenye toroli na majani mdomoni, vijana wanamsukuma kwa muziki. Nami nimo kwenye msafara, suti ya kijivu, yoyo mfukoni. Naapa sikuwa na mpango. Mwenye mpango alikuwa Babuu, ambaye alishamnong'oneza MC, na simu yake ilikuwa tayari hewani. MC akadaka maiki: "Kaka wa bibi harusi, kutoka A-Town, ana jambo lake!"

Aisee.

Nikavaa kitanzi kidoleni. Nikairusha. Ikashuka, ikalala, beringi inaimba kama mbu wa mbali. Ukumbi ukatulia. Watu waliokuwa wanakula wakaacha vijiko. Hapo ningeikunja kwa mkono nikakaa, leo ningekuwa naitwa kwa jina langu.

Nikaitupa mzunguko wa dunia: mbele, juu, nyuma ya kichwa, chini, mbele tena. Mzunguko wa kwanza, kwa sababu ya ule uzi wa kidevuni, ukingo ukapita mdomoni mwa ndafu ukachomoa majani yote, yakaruka, yakatua kwenye sahani ya mshenga. Bahati mbaya tupu. Ukumbi ukalipuka. Vigelegele! MC: "Kamvua ndafu barakoa!" Bibi yangu mzaa mama, ambaye hasimami kwa mtu, kasimama.

Ninyi mnajua vigelegele vinavyomfanya mtu wa Moshi anayeishi Arusha. Nikasogea nusu hatua mbele.

Sasa, kitu ambacho Babuu hasemi kwenye sauti yake ni hiki. Shangazi hakuwa amekaa pale. Alikuwa ameinuka kuja kunitunza. Nilimwona kwa pembe ya jicho, anakuja anacheza taratibu, bega hili, bega lile, noti nyekundu ya elfu kumi kaishika kwa vidole viwili juu ya kichwa. Na yoyo ilikuwa imeshapita nyuma yangu, inashuka. Kitu cha gramu 66 mwisho wa uzi mrefu huwezi kukiambia subiri.

Ikatoka chini, ikaanza kupanda. Haikumgusa, nisikilizeni vizuri, haikumgusa. Ilipita mbele ya bega lake kama kiganja kimoja hivi. Ile feni mbaya ikageuka. Nywele zikapaa.

Mwanya ni milimita nne na ushee. Nywele ziliingia kama mtu anayejua njia.

Nilichokisikia kidoleni ni uzi kulegea kidogo, halafu kukaza. Ule mkazo nilikuwa nimeutafuta wiki tatu nyuma ya karakana. Nakiri mbele yenu: kichwa kilikuwa bado hakijaelewa, mkono ukafurahi. Mkono ukavuta.

Likaanza kuinuka upande wa mbele, polepole, kama mfuniko wa sufuria ya wali. Nikaona kipaji cha uso kinaongezeka. Klipu zikalia: ti. Ti. Wigi likang'oka zima zima, likakaa hewani sekunde moja limetandaza nywele zake zote kama mwewe, na chini yake nikaona mistari sita safi ya twende kilioni. Kisha yoyo ikajikunja, uzi na nywele pamoja, ikaja moja kwa moja kwenye kiganja changu. Pwaa. Baindi nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Wigi likaning'inia hadi kwenye goti langu, likawa linabembea.

Muziki ulikuwa umekatwa, sijui na nani. Shangazi bado noti iko juu. Akanitazama. Akaitazama noti. Akafungua pochi, akairudisha, akafunga. Ile zipu niliisikia jino kwa jino.

Ilibidi niseme kitu. Mtu mzima yuko mbele yangu, nywele zake ziko mkononi mwangu. Nikasema, "Shikamoo shangazi."

Naye, masikini, kwa malezi mema, mdomo ukajibu wenyewe: "Marahaba."

Hapo ndipo ukumbi ulipokufa. Mshenga alikuwa chini ya meza. Bwana harusi mtarajiwa kajifunika leso uso mzima, mabega yanaruka. "Mae!" anasema bibi, "mae, mae!" na bado kasimama.

Yaliyofuata ni mafupi. Jikoni nikaifungua yoyo, nikalichomoa wigi nikishikiwa tochi na mpishi, nikalirudisha kwa mikono miwili. Shangazi alikuwa ameshafunga kitenge kilemba na ndiye aliyecheza kuliko wote usiku ule. Wazee wakakaa, faini ikawa kreti mbili za soda na kuomba radhi kwa maiki, nikaomba. Harusi ipo palepale. Mama hapokei simu zangu. Babuu anadai yoyo yake irudishwe kwa elfu ishirini kwa kuwa sasa ni maarufu.

Simpi. Jana usiku baada ya kufunga karakana niliitoa mfukoni, nikairusha tu kuondoa mawazo. Ikashuka, ikalala. Nikaivuta kidogo, vile vya darasa la tano, bila kukunja uzi wala nini. Ikapanda yenyewe hadi mkononi.

Nikadhani nimeota. Nikairusha tena. Ikapanda tena. Nikaifungua: nywele tano, rangi ya divai, zimejisokota kwenye beringi, zinaikwaruza kidogo tu, kiasi cha kuifanya ishike uzi. Dawa yake ni kuosha beringi kwa petroli, kazi ya dakika mbili, na chupa ya petroli ilikuwa pale pale karibu na mguu wangu. Nikaifunga kama ilivyo.

Shangazi, kama limekufikia hili andiko, zile tano zilizopungua ninazo mimi.